Mtoto Mmoja, Kadi Tatu

Paukwa! Nyamazeni, leo sitaki muitike. Mkishaitika "pakawa" mnajilegeza, mnaegemea ukuta, mnamsubiri sungura amdanganye fisi. Leo sungura hayupo. Wapo watoto watatu wenye njaa na kichanga mmoja, na mwishoni nitawauliza swali. Atakayenijibu kwa machozi nitamtoa nje. Machozi nimeyaona mengi, na sijaona hata siku moja yakimlisha mtu.

Wa kwanza anaitwa Feza, ana miaka kumi na miwili, na kipaji chake ni mgongo. Wenzake wamejaliwa sauti, wengine sura, yeye mgongo. Tangu ana miaka saba amebeba mkaa, amebeba mihogo, amebeba watoto wa watu, na akishafunga mzigo hautui mpaka aambiwe amefika. Msimsifu. Hakuna mtoto anayezaliwa na mgongo wa namna hiyo. Kuna watu waliomfanya awe nao.

Wa pili ni Mugisho, mvulana wa miaka kumi na mmoja, mchunga mbuzi wa watu. Kipaji chake kiko mikononi. Anaweza kumwendea mbuzi asiyemjua, mbuzi mkali mwenye mtoto, akamkamua kopo zima na mbuzi asilie. Tajiri wake alikuwa hampi chakula cha mchana, basi akajifunza kula kwa mbuzi.

Wa tatu ni Kavira, ana miaka kumi. Yeye anajua kunyamazisha. Kijijini kwao wenye bunduki walipita kila baada ya wiki chache, na kazi ya Kavira ilikuwa kuingia chini ya kitanda na wadogo zake na kuhakikisha hakuna anayelia. Alikuwa akiwabana kifuani na kuvuma kwa sauti ya chini kabisa, sauti ambayo mtoto anaisikia mwilini kuliko masikioni, na mtoto akilegea analala. Wadogo hao hawapo tena, na sitawasimulia walivyoondoka.

Watatu hawa hawakuwa wakijuana. Kila mmoja alikuwa na kilugha chake cha nyumbani, na kila mmoja alikuwa peke yake. Walikutana barabarani, siku vita ilipowafukuza watu wote kuelekea mtoni, kwa kuwa ng'ambo ya mto ni nchi nyingine na huko, walisikia, watu hulala.

Siku ya tatu ya safari, mama mmoja alianguka kando ya barabara. Alikuwa amejifungua juzi yake, na homa ilikuwa imemshika. Akakata roho pale pale, mtoto wake wa kike akiwa kifuani. Na watu wakapita. Nalirudia neno hilo maana nataka mlisikie: wakapita. Watu wazima, wenye wajukuu, wanaojua kusali, waliinua miguu wakairuka miguu ya yule mama wakapita. Mmoja alisimama kidogo. Aliokota kitenge kilichokuwa kimedondoka, akakikung'uta vumbi, akaendelea na safari.

Feza alikuwa akibeba furushi la familia ya mwenye duka mmoja. Walikuwa wamekubaliana abebe, naye atakula nao na kulala nao. Alipofika pale alilitua.

"Okota mzigo wangu," mwenye duka akamwambia.

"Mgongo ninao mmoja, baba."

"Basi na wewe huna watu tena."

Wakamwacha hapo. Feza akamfunga yule mtoto mgongoni, na kwa siku sita, kupanda mlima wenye matope na kuteremka upande wa pili, hakumtua ila kwa kumnywesha, kumsafisha na kumtuliza. Nyayo zake zilipasuka, kisha zikaoza. Walipofika mtoni alikuwa akitembea kwa visigino.

Lakini mtoto hanyonyi mgongo. Siku ile ile Mugisho alimwona akitafuta ziwa kwenye shingo ya Feza.

"Ana njaa huyo," akasema.

"Unadhani sijui?"

Mugisho akaenda kutafuta kopo. Tangu siku hiyo, kila mchana wachungaji wa njiani walipokaa kivulini kula, yeye alijipenyeza kwenye mbuzi wao na kopo la nyanya, na mtoto akanyonya maziwa kwenye kona ya kitambaa. Siku ya nne tangu aanze, mwenye mbuzi mmoja alimkamata. Hakumuuliza maziwa ni ya nani. Alimlaza kiganja juu ya jiwe akampiga kwa mpini wa jembe, vidole viwili vikavunjika, na kopo akalikanyaga. Keshoye Mugisho aliokota kopo lingine akaenda kukamua kwa mkono uliobaki. Nimeuliza watu wengi wenye ng'ombe kama wao wangerudi. Wote wanabadilisha mazungumzo.

Maziwa hayo yalimpa mtoto nguvu, na nguvu akazitumia kulia. Msafara ukaanza kuwachukia. "Huyo atatuuza," walisema, wakawafukuza nyuma kama mbwa. Ndipo Kavira akatokea. Alikuwa amepotezana na shangazi yake, mtu wa pekee aliyembakia, na alikuwa akimtafuta katika kila kundi. Aliposikia kilio alikuja bila kuitwa, akamchukua mtoto, akavuma, mtoto akanyamaza. Msafara ukawaruhusu kusogea.

Siku ya mwisho, jua likiwa juu, walifika kwenye matete ya mtoni wakakuta wenye bunduki wanapekua njia. Watu wote wakaingia majini, wakajificha ndani ya matete. Mtoto akaanza kunung'unika. Mzee mmoja akamwonyesha Feza maji kwa kidole. "Mzamishe," akasema, "au tufe sote." Kavira akamnyakua mtoto, akambana kifuani, maji yamemfika kiunoni, akavuma. Akavuma mpaka jua likapita utosini. Wale wenye bunduki walipokuwa wamesogea hatua mia hivi, kundi jingine la wakimbizi likapita mbio kwenye njia ya juu, na ndani yake sauti ya mwanamke ikaita, "Kavira! Kavira wee!" Alikuwa shangazi yake. Kuitika kulikuwa ni kuacha kuvuma, na kuacha kuvuma kulikuwa ni mtoto kulia. Kavira hakuitika. Sauti ilienda ikififia, na hadi leo hajamwona shangazi yake.

Wakavuka. Mnafikiri hapo ndipo raha inapoanza, sivyo? Ng'ambo, akina mama kwenye bomba la maji walivuta ndoo zao karibu walipowaona. "Wamekuja tena," mmoja akasema kwa sauti ya kusikika. "Mwaka jana walimaliza kuni, mwaka huu mahindi." Watoto wa shule wakawarushia maganda ya miwa.

Kituo cha mapokezi, walikofika kesho yake asubuhi, kilikuwa na meza nyingi. Mugisho alipelekwa meza ya wavulana. Feza alipelekwa zahanati kwa ajili ya nyayo. Kavira, aliyekuwa na mtoto mikononi, alipelekwa meza ya wasichana. Kila mmoja aliulizwa peke yake, "Una ndugu?" Na barabara ilikuwa imewafundisha wote somo moja: usiseme uko peke yako, maana mtoto asiye na mtu hupelekwa popote. Basi kila mmoja akasema, "Ninaye mdogo wangu mmoja, wa tumbo moja." Wakaulizwa jina lake. Njia nzima walikuwa wakimwita "mtoto" tu, hakuna aliyekuwa amepata nafasi ya kumpa jina. Kavira akasema Katungu, jina la mdogo wake wa mwisho. Mugisho akasema Nabintu, jina la mama yake. Feza, ambaye hakumbuki jina la mtu wa kwao hata mmoja, akasema Riziki.

Kadi tatu zikafika kwenye meza ya karani mkuu, Bwana Chubwa. Akazipanga mbele yake, akawaita wote watatu, akaita na mtoto.

"Huyu mtoto ana mama wangapi?" akauliza. "Mmemwiba wapi?"

Niwaambie kidogo kuhusu huyu Chubwa, msije mkadhani alizaliwa na meza. Babu yake aliondoka mkoa huu huu akiwa mtoto, akapakiwa na wanaume kwenda kukata mkonge pwani. Walimpa namba badala ya jina, na watu wa huko walimcheka anavyosema, na hakuna aliyempa maji bila kumtukana kwanza. Chubwa anayajua hayo yote. Alisimuliwa akiwa mapajani mwa babu huyo. Na bado siku ile aligonga meza na kuwaita wezi.

Feza ndiye aliyesema. "Si wa tumbo la yeyote kati yetu, baba. Mama yake tulimwacha barabarani." Wakaeleza yote, wakidakiana maneno. Mugisho akaonyesha vidole.

Chubwa akazikusanya zile kadi tatu. Kisha akawaambia jinsi mambo yalivyo. Kuna mama wa mjini, Mama Rehani, mwenye ng'ombe wa maziwa, aliyekubali kumpokea kichanga na ndugu mmoja wa kukaa naye. Ndugu akikosekana, kichanga anapelekwa kituo cha yatima mkoani. Watoto wengine wote wanapanda lori saa sita kwenda kambini, mwendo wa siku mbili, na kule ukishaingia hutoki.

"Andika sisi sote ndugu," Kavira akamsihi.

Mama Rehani alikuwa amesimama mlangoni na kitenge cha kumfungia mtoto. "Mimi nilisema kichanga na mmoja wa kumwangalia nikienda shambani," akasema. "Sikusema darasa zima. Nina wangu watano, na chakula nalima mwenyewe."

"Umesikia," Chubwa akasema. "Uongo mmoja naweza kuutia saini. Mitatu siwezi. Nipeni jina."

Na hapo, jamani, wale watoto waligeukiana. Njiani walikuwa wamegawana hata mate. Sasa walitazamana kama watu wanaodaiana damu.

"Mimi ndiye niliyemwokota," Feza akasema. "Nisingesimama mimi, nyie mngemkuta mzoga."

"Ungebeba maiti siku ya pili," Mugisho akamjibu. "Mgongo wako una maziwa?"

"Na mimi?" Kavira akapiga kelele, yule mnyamavu. "Mngekuwa mtoni, wote, mmevimba! Nilimsikia shangazi yangu. Nilimsikia! Wewe Mugisho una vidole vinane vimebaki. Mimi nimebaki na nani?"

"Na mimi nimebaki na nani?" Feza akasema. "Nilikuwa na watu wa kula nao, nikawaacha kwa ajili yake."

Foleni nzima ikasogea kusikiliza, na kila mtu akawa na hukumu yake. Mzee wa kwenye matete, yule aliyesema azamishwe, alisema bila haya kwamba ni Kavira, kwa sababu aliokoa roho nyingi. Mwanamke aliyejifunga kitenge cha marehemu alisema ni Mugisho, maana anayelisha ndiye mzazi. Mwenye duka naye alikuwepo. Alisema Feza, kwa sababu wa kwanza ni wa kwanza, na akaongeza kwamba msichana huyo amefunzwa kazi nyumbani kwake. Hawa ndio waliopita, na leo walikuwa mahakimu.

Dereva akawasha lori. Chubwa akafungua kalamu.

Najua mnachotaka kunijibu, nawaona mnavyojiandaa. Mtasema Chubwa ni mwovu. Haya, ni mwovu, lakini saa sita inakaribia. Mtasema Mama Rehani angewachukua wote. Vizuri sana. Wewe uliyesema hivyo, nyumbani kwako kuna kitanda kilicho wazi? Jana mtoto wa jirani yako mhamiaji alikuja kuomba maji, ulimjibu nini? Mtasema wachague wenyewe. Wameshachagua, kila mmoja amejichagua, na mimi siwalaumu, maana wewe kwa umri wako ungejichagua mapema zaidi. Mtasema ipigwe kura. Mtoto aliyevunjwa vidole kwa ajili ya maziwa umpigie kura kama unagawa nyama? Na mkisema asipewe yeyote ili haki iwe sawa, basi mmempeleka kichanga mkoani peke yake, na safari yote ile ya siku sita imekuwa bure.

Yote hayo ni majibu ya kukwepa, na mimi simtaki mkwepaji kwenye baraza langu. Jina ni moja. Atakayeandikwa atakunywa maziwa, atalala ndani, atamwona yule mtoto akiota meno na kutembea. Wengine wawili hawatamwona tena.

Haya basi, chukua kalamu ya Chubwa. Andika. Ukimaliza, usinirudishie mimi kadi. Wageukie wale wawili, uwatazame usoni, uwaambie kwa nini si wao. Halafu uwashike mkono, wewe mwenyewe, si askari, uwapandishe kwenye lori.

Nakusubiri. Unaandika la nani?