Bi Rayhana na Zaka ya Dinari Asizoziona

Wenzangu wakianza visa vya waja wema husema, "Inasimuliwa kwamba..." Mimi sina haja ya kusimuliwa, enyi ndugu waumini, maana nilikuwapo. Nilisimama penye nguzo ya tatu kutoka mlangoni, katika baraza ya Amiri Mundhiri wa Zahrabadi, Mwenyezi Mungu amrehemu. Anayebisha na aje aniambie nguzo hiyo ilikuwa ya rangi gani.

Mwaka ule karani mkuu, Bwana Kathiri, alisimama mbele ya watu na daftari lake. Alikuwa amejumlisha mali yote ya mji, akaigawanya kwa vichwa vyote, hata vya watoto wachanga.

"Alhamdulillahi," akasema, "wastani wa kila mtu ni dinari arubaini. Na mwenye dinari ishirini tu sheria humhesabu tajiri, naye hutoa zaka, hapewi. Basi Zahrabadi haina maskini! Ghala la zaka, nililolifunga kwa muda wa hesabu hii, lifungwe kabisa, mtama uliomo uuzwe, tujenge kuba la dhahabu."

Watu wakatazamana. Mali ile karibu yote ilikuwa ya wafanyabiashara wanne wa hariri, na mji mzima uliwajua kwa majina na kwa vitambi.

Ndipo akajitokeza Bi Rayhana, mjane msokota pamba, aliyekuwa akilea wajukuu watatu mayatima. Mtama wa ghala lile ndio uliokuwa riziki yao, na asubuhi ile walikuwa wamefungua kinywa kwa maji matupu. Akatoa salamu kwa adabu.

"Ewe Amiri, Mola akuhifadhi. Nimekuja kutoa zaka."

"Zaka ya nini, mama?"

"Ya dinari zangu arubaini. Umri umekwenda, nachelea kufa na haki ya Mungu shingoni. Zaka yake ni dinari moja. Naomba tu Bwana Kathiri anionyeshe zilipo, niitoe."

Kipofu mmoja ombaomba akadakia kutoka nyuma, "Na zangu je, karani? Mimi hata ukinionyesha sizioni, wewe nitie mkononi tu!"

Baraza zima likaangua kicheko. Karani akamsogelea Bi Rayhana na kumnong'oneza. Nami masikio yangu, mashallah, husikia sisimizi akipiga chafya.

"Bibi, hizi hapa arubaini, za mfukoni mwangu. Sema umeziona, kawalishe wajukuu."

Akamnyooshea mama yule mfuko wa dinari. Njaa yako mwenyewe huvumilika, ndugu zangu. Ya mjukuu haina subira. Akautazama mfuko ule kitambo, kisha akausukuma, na akasema kwa sauti ya kusikiwa na wote:

"Mwanangu, nikizipokea nimekuwa shahidi wako. Utaandika, 'Bi Rayhana kaziona,' na jirani zangu watafungiwa ghala kwa ushahidi wangu. Nitamwambia nini Mola wangu? Wajukuu wana Mungu wao."

Amiri akainamisha kichwa, machozi yakamdondoka ndevuni. "Mama," akauliza, "wewe ungeupimaje mji huu?"

"Ningepiga hodi, Amiri. Ningeuliza: watoto mliozaa, wamebaki wangapi? Maji mnateka wapi, nayo yana rangi gani? Barua ikija, humu ndani nani wa kuisoma? Jana mlilala mmekula? Baada ya hapo ndipo ningeuliza habari za dinari."

Ghala likafunguliwa kabla ya alasiri. Bwana Kathiri akaamriwa aende mlango kwa mlango na maswali yale. Miezi saba alizunguka, hata viatu vikaisha soli. Alipoandika kwamba maji ni ya tope, kikachimbwa kisima. Alipoandika kwamba hakuna msomaji, akapelekwa mwalimu. Mwaka uliofuata wastani ulikuwa zile zile dinari arubaini, lakini mtaa wa wasokota pamba haukuzika mtoto hata mmoja masika yale.

Ndugu zangu, wastani haujapata kusikia njaa. Na Siku ya Hesabu mtawala hataulizwa watu wake kwa jumla. Ataulizwa mmoja mmoja, kwa jina na kwa jina la mzazi.

Sasa, kwa kuwa nimesifu ukweli, haifai niondoke na uongo kifuani. Yale machozi ya Amiri niliyatia mimi. Amiri alikuna ndevu tu, macho makavu kabisa, na ghala akalifungua.