Figa Lililokosekana

Hadithi iko mlangoni! Semeni: ipite, iketi.

Hapo kale Nambua alikula asali ya mizimu. Lawama ikamwangukia kaka yake, Chengo, aliyekuwa akilinda kibanda cha mizimu. Wazee wakamfukuza kijijini na, kama ilivyokuwa desturi, wakang'oa figa moja kati ya matatu ya jikoni kwao, wakalitupa nje ya lango, asiwe na meko ya kurudia. Nambua alikuwapo. Akatazama chini.

Baadaye akaokota jiwe uani kuziba pengo la lile figa, akainjika chungu. Jiwe likabingirika, uji ukamwagika. "Hapa pana mwenyewe," likasema jiwe.

Akaleta la mtoni. Likabingirika. "Hapa pana mwenyewe."

Akaleta la mlimani, zito la kuvunja mgongo. Nalo likabingirika. "Hapa pana mwenyewe, na wewe unajua."

Nambua akakimbilia kwa wazee, mikono imetapakaa uji. "Aliyekula asali ni mimi!"

"Basi kamrudishe," wakasema.

Alimkuta Chengo porini, ameketi juu ya lile figa, alilolichukua nje ya lango. Akapiga magoti.

"Kaka, nisamehe. Ni mimi niliyekula."

"Najua. Nilikuona ukijipangusa midomo."

"Mbona hukusema?"

"Nilitaka useme wewe. Kila jioni nilitazama njia."

Wakalibeba jiwe pamoja hadi nyumbani. Uji ukaiva; Nambua akampakulia Chengo kwanza, yeye akala mwisho.

Hadithi imetoka. Na wewe unayejipangusa midomo huko nyuma, kwenu nani hayupo?