Mwenye Ruhusa Zote

Wapendwa, palikuwa na mtu mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba watu hawasahauliwi. Msicheke, kazi hiyo ipo, na inalipa vizuri. Alikuwa kwenye kampuni ya bima, na ndiye aliyewawekea ule mfumo wa kwenye kompyuta ambamo kila mteja ana ukurasa wake: jina, simu, siku ya kuzaliwa, mara ya mwisho aliongea na nani, alilalamikia nini. Mteja akiandika ujumbe, mfumo unaupokea, unampangia mhudumu, na unawaka rangi nyekundu mpaka mhudumu aujibu. Ukishajibiwa unageuka kijani. Na si kila mtu anaona kila kitu humo. Dada wa mapokezi anaona jina na rangi. Mhasibu anaona malipo. Meneja anaona zaidi kidogo. Lakini huyu bwana, kwa kuwa ndiye aliyeujenga, alikuwa na ruhusa zote. Hapakuwa na ukurasa uliomkatalia.

Sasa bwana huyu alikuwa na mama, mjane, huko milimani Upareni. Mama akipiga simu mchana, mtoto yuko kikaoni. Akipiga jioni, mtoto yuko barabarani. Siku moja akampata, akamwambia, "Baba, sikuombi kitu mimi. Nataka tu kujua kama unanikumbuka."

Neno lile lilimchoma. Tusimwonee, lilimchoma kweli. Ila mtu akibanwa hukimbilia kile anachokijua. Akafungua mfumo, akamwandikisha mama yake kama mteja. Akapanga kwamba kila Jumapili asubuhi utoke ujumbe, utoke wenyewe, kwa jina lake: "Mama, umeamkaje? Mwanao nakukumbuka." Kisha akaona haya, wafanyakazi wasije wakamcheka, akaufunga ukurasa ule kwa watu wote isipokuwa yeye.

Mama alifurahi, jamani! Alizunguka na simu kwa majirani. "Wenu wanawaletea mabati," anawatania, "wangu ananiamkia kila Jumapili." Akaacha hata kumpigia. Ya nini kumsumbua mtu anayekukumbuka?

Majira ya baridi yakaingia kule mlimani, na kifua kikambana mama. Akachukua simu, akaandika polepole kwa kidole kimoja: "Baba kifua kinanibana njoo unipeleke hospitali." Na papo hapo akajibiwa. Papo hapo! Maana mfumo haulali, na una jibu moja kwa kila anayeandika: "Ujumbe wako umetufikia. Wewe ni wa thamani kwetu. Tunalishughulikia suala lako, tafadhali subiri."

Kule mjini alama nyekundu ikawaka. Dada wa mapokezi akajaribu kuifungua, ikakataa. Akamfuata bwana mezani kwake.

"Kaka, kuna ujumbe umekaa tangu juzi. Mimi naona rangi tu, sina ruhusa. Ni wewe peke yako unayeweza kuufungua."

Bwana akaangalia jina. "Aa, huo achana nao," akasema. "Huo ni wa nyumbani. Nitausoma nikitulia. Vipi, jumbe za wateja zimeisha?"

"Zimeisha, kaka. Kijani tupu."

"Hapo sawa."

Mmesikia? Huo ni wa nyumbani. Wangapi humu ndani tumelisema neno hilo wiki hii, na tukaona ni neno la kawaida kabisa? Bwana yule hakuwa mtu mbaya. Alikusudia kutulia, na hakutulia. Simu iliyofuata ilitoka kwa jirani wa mama yake, na jirani alikuwa analia.

Akapanda mlima usio na haraka tena. Jumapili asubuhi alikuwa amekaa kwenye jamvi la msiba, na yule jirani, mama wa makamo, akasogea karibu yake. Alimsimulia kwa upole, na upole ule ndio uliommaliza.

"Tulitaka kumbeba kwa machela, baba. Vijana walikuwa wameshajifunga. Akakataa. Akasema, 'Nimemwandikia mwanangu, naye amenijibu. Ameniambia nisubiri.' Tukasema basi tukupigie sisi. Akasema, 'Msimsumbue, anashughulika, ameshasema mimi ni wa thamani kwao.' Akasubiri. Kila gari likinguruma kwenye kona ile, anauliza kama ni wewe."

Tumefundishwa kwamba subira yavuta heri. Subira ya mama huyu ilivuta nini?

Bwana hakuweza kuinua uso. Angesema nini? Kwamba aliyejibu si yeye? Na akiwa bado anatafuta neno, simu ya marehemu, iliyofungwa kwenye pindo la kanga ya jirani, ikalia. Jirani akafungua fundo, akasoma. Akarudia kusoma. Akamtazama yule bwana, akaitazama mikono yake mitupu iliyolala magotini.

"Baba," akauliza, wala hakuwa na ubaya moyoni, alitaka kujua tu, "wewe si umekaa hapa mbele yangu? Sasa huyu anayemwamkia mama yako ni nani?"

Ndugu zangu, msiniulize alijibu nini. Mnataka kusikia kwamba alirudi mjini akaufuta ule ujumbe? Alikaa mbele ya kompyuta, na uwezo wa kufuta alikuwa nao, na akashindwa. Aliona akiufuta, hata ule uongo wa kumkumbuka mama yake utakuwa umekwisha. Basi bado unatoka kila Jumapili, unakwenda kwenye simu iliyozimwa.

Nani alimzuia mtu huyu? Hakuna. Dada wa mapokezi alitaka kuufungua hana ruhusa, mwenye ruhusa hakutaka. Na mtu huyo ndio sisi. Kwa mama zetu, kwa wake na waume zetu, kwa watoto wanaolala chumba cha pili, hatuhitaji kibali cha mtu yeyote. Mlango uko wazi, na ndio mlango tunaoupita kila siku bila kuingia. Wa nje tunawajibu, wa nyumbani wanasubiri, na wengine wameshasubiri mpaka wameondoka. Leo sina faraja ya kuwapa. Nimeitafuta, sikuiona.

Ila kuna jambo moja linanisumbua tangu tulipoanza ibada. Leo ni Jumapili asubuhi. Mmesimama pale pa kusimama, mmeimba, na amina zimetoka kwa wakati wake, zimetoka zenyewe. Na mimi nikiwa hapa mbele nawatazama, nimeshikwa na swali la yule jirani. Ninyi si mmekaa hapo? Sasa huyo anayemwimbia Mungu ni nani?