Kwa Nini Bibi Hutangulia Kusema Kanisani Chilolo

Zamani, jiwe kubwa lililo nyuma ya kanisa letu la Chilolo halikuwa na sauti. Lilikuwa jiwe tu, watoto wakiteleza juu yake mchana kutwa. Nanyi mlioko nyuma mnaocheka, chekeni sasa hivi, maana baadaye hamtaweza.

Siku hizo wasichana walifundwa porini na Bibi Nachenga, kwa ngoma na nyimbo. Padri akapiga marufuku, akasema mambo ya mwili yatafundishwa shuleni. Mwalimu Barnaba akaona haya, akayaacha, akidhani kanisa litayafundisha. Akina mama nao walinyamaza, kwa kuwa mila yetu haimruhusu mama kumfunda binti wa kumzaa mwenyewe. Ikawa kila mtu anamtegea mwenzake.

Ndipo Theodora, binti wa Mama Agripina, akaona damu kwa mara ya kwanza. Hakujua ni nini. Alidhani anakufa kwa dhambi aliyoisahau, akajipenyeza ndani ya ufa wa jiwe asije akamwaibisha mama yake. Walimtafuta siku tisa, wakaambulia kanga yake tu, imenasa ufani.

Jumamosi iliyofuata padri alikuwa akiwauliza watoto katekisimu. Maswali ya kitabuni yalipokwisha, likatoka moja jiweni, mchana kweupe, kwa sauti ya Theodora.

"Je, ninakufa?"

Padri alifungua kitabu, akakifunga. Jibu halikuwemo. Barnaba aliinamisha kichwa. Swali lilirudi kila Jumamosi, na wasichana waliokaribia kukua wakaanza kuinuka, mmoja mmoja, kuifuata sauti jiweni. Mama Agripina alishindwa kuvumilia. Alikwenda kwa Bibi Nachenga, akapiga magoti.

"Bibi, mjibu mwanangu. Mimi sina ruhusa, na padri na mwalimu hawajui."

Bibi aliingia kanisani kwa mara ya kwanza maishani mwake, akafungua dirisha. "Hufi, mjukuu wangu," alisema. "Umekua tu. Ni damu ya kila mwanamke. Pumzika." Jiwe likanyamaza. Mama Agripina alilia sana, kwani aliona ni maneno machache kiasi gani yangemwokoa mwanawe.

Na tangu siku hiyo, mafunzo ya kipaimara hapa Chilolo huanza na bibi, dirisha likiwa wazi, ndipo padri afuate. Mwaka juzi padri mgeni aliona aibu, akaanza na sala. Nilikuwa nimekaa nyuma ya wasichana. Walikuwa kumi na mmoja. Walioitikia Amina walikuwa kumi na wawili.