Uvungu wa Mjomba Ngwali

Mjomba Ngwali alikuwa na vyumba sita na roho ya korosho. Mpwa wake Machano, seremala aliyefukuzwa na mvua barazani, alipomwomba mahali pa kufanyia kazi, alifoka: "Hakuna nafasi! Kila chumba kina kitanda."

"Basi nipe uvungu wa kitanda chako, mjomba."

Ngwali alicheka mpaka kofia ikamdondoka. "Uchukue wote, na mende wake! Ila godoro langu lisishuke."

"Halishuki, wallahi."

Ngwali akaenda harusini siku tatu. Aliporudi, alimkuta Machano chumbani amesimama wima, anapiga randa. Kitanda kilikuwa kimeota miguu kama ya korongo, godoro linagusa dari.

"Mwanaizaya! Nini hiki?"

"Shikamoo, mjomba. Ndio uvungu. Ngazi ile pale, lakini kung'uta miguu kwanza, usinimwagie mchanga karakanani."