Kitanda cha Saumu na Jina la Mtoto

Hapo zamani, si zamani ya majini, zamani hii ya juzi ya simu za kupangusa, palikuwa na mwanamke wa Tanga akiitwa Saumu. Mumewe, Shekue, alipata kazi Norwei, basi Saumu huyo, kamfuata na tumbo lake mbele kama kabeba ngoma. Kafika. Nyumba nzuri, joto linatoka ukutani. Lakini ndani? Tupu! Godoro chini, birika moja, na Shekue anachekacheka.

"Mke wangu, tutakwenda dukani, utachagua."

"Sitaki kochi, sitaki kabati," kasema Saumu. "Nataka kitanda cha arobaini."

Shekue mwanamume, atajua nini? Kitanda cha arobaini ni cha kamba, jamani. Mzazi analala juu siku zake arobaini, chini kinawekwa chetezo cha udi, moshi unapita kwenye kamba, unamwingia mgongo, unamwingia kiuno, mwili unarudi. Mama yake alilalia hicho. Bibi yake alilalia hicho. Yeye ndiye wa kwanza kwao kuzalia ugenini, na mama yuko mbali. Kitanda ndicho alichokishikilia.

Walikuja wanawake watatu kumkaribisha. Wa kwanza Hidaya, wifi yake, dadake Shekue, mdomo kama cherehani. Wa pili Nyota, jirani wa mlango wa pili, Mkongomani wa Uvira, alikimbia vita. Wa tatu Bi Zuena, shangazi yake Shekue, kakaa Norwei mpaka anaota kwa lugha yao. Hana mume, hana mtoto.

Saumu kawaambia, "Atakayenipatia kitanda cha arobaini, nikizaa mtoto wa kike, nampa jina lake. Wallahi."

Bi Zuena kacheka. "Mwanangu, mambo hayo yaache Tanga. Huku watu wanazaa, wanavaa suruali, wanaondoka."

Saumu kajitanda khanga, katangulia mlangoni. Haya, wakaenda.

Duka kubwa la samani, vitanda vimepangwa kama makaburi. Watu wengine wakinunua kitanda wanakilalia, wanakibonyeza. Saumu? Anainama! Na tumbo lile! Anachungulia uvunguni. "Mbao." Anakwenda cha pili, anainama. "Mbao." Cha tatu. "Hiki nacho mbao." Hidaya kainama, Nyota kainama, makalio matatu juu, wateja wanapita pembeni. Muuzaji kaja mbio, kamwuliza Bi Zuena hawa wanatafuta nini. Bi Zuena kaona haya, kajibu hivyohivyo, "Wanatafuta moshi utapita wapi." Muuzaji karudi nyuma pole pole. Hahaaa! Mbavu zangu mie!

Wakatoka mikono mitupu. Njiani wakapita duka la mitumba. Nje, palipo takataka, kuna kochi kuukuu, kitambaa kimeoza, springi zimeng'oka, imebaki miguu na mbao za pembeni, katikati wazi. Nyota kapita. Bi Zuena kapita. Saumu mwenyewe kapita. Hidaya kasimama.

"Kitanda hiki hapa."

"Kiko wapi?" kauliza Bi Zuena.

"Si hapo palipo wazi!"

Wakakibeba. Sasa kamba. Kamba za dukani plastiki tupu. Ukiweka makaa chini inayeyuka, mzazi anashukia motoni. Saumu kakaa chini, analia. Nyota katoka kimya kimya, kaenda kwake, karudi na furushi la kamba ya katani. Saumu kuinusa tu, harufu ya kwao.

"Hii ilifunga mizigo yangu tangu Uvira," kasema Nyota. "Niliiweka, siku ya kurudi ifunge tena. Leta kisu."

Akaikata mwenyewe.

Nani atawamba? Hidaya kajaribu, katia fundo hapa, fundo pale, kitanda kikawa kama nywele za mgonjwa. Nyota kajaribu, kamba ikalegea. Bi Zuena anatazama, anatazama, mwisho kashindwa kuvumilia.

"Tokeni! Mnaiharibu!"

Kavua saa, kavua pete, kapiga magoti. Vidole vinakwenda, vinarudi, vinapita juu, vinapita chini. Wenzake midomo wazi. Alipomaliza, kitanda ukikipiga kinalia kama ngoma. Kumbe utotoni alikuwa akiwamba vitanda na marehemu mama yake, na hakumwambia mtu.

Saumu kajifungua salama hospitali. Mtoto wa kike! Kurudi nyumbani, kalazwa kitandani, chetezo chini, moshi huo. King'ora cha moto nacho, wiiiii! Jengo zima nje kwenye theluji na nguo za kulalia, Shekue anawaomba radhi kwa mikono. Baada ya hapo wakawa wanafungua madirisha kwanza. Na mwili wa Saumu ukarudi.

Ikafika siku ya jina. Ndipo maneno yakaanza.

"Mtoto ni Hidaya," kasema wifi mtu. "Mlikipita wote kama vipofu. Bila jicho langu mngewamba nini, hewa?"

"Kuona hata paka anaona!" kasema Nyota. "Miye njo nilileta kamba. Mwenzangu ulitoa jicho, na jicho unalo bado. Miye kamba sina tena."

"Kamba ikiwa furushi haimlazi mtu," kasema Bi Zuena.

"We shangazi!" kamkatiza Hidaya. "Si we uliyesema kitanda kibaki Tanga?"

"Nilisema. Mdomo ulisema, mikono ikafanya. Saumu mwanangu, we umelala juu ya mdomo wangu au juu ya mikono yangu? Hawa watazaa. Mimi jina langu litaitwa na nani?"

Shekue kambeba binti yake, kainama amtajie jina sikioni. Kafungua mdomo. Kaufunga. Kamgeukia mkewe pale kitandani.

"Saumu, nimwite nani?"

Saumu kamtazama Hidaya. Kamtazama Nyota. Kamtazama Bi Zuena. Kiapo kaapa, na jina ni moja.

Mimi simo, nimesimulia tu. Nyie mliokaa hapo mnachekacheka, je, nani alistahili? Semeni upesi, Shekue bado kainama na kiuno kinamuuma.