Mpishi wa Lami na Afande Mpya

Barabara iliyoteremka kuelekea zahanati ya wajawazito ilikuwa katika matengenezo kwa mwezi wa pili. Upande mmoja lilirundikwa lundo la mchanga, upande wa pili kokoto, na katikati magari yalipishana kwa zamu huku madereva wakinuna kama waliolambishwa shubiri. Saa nne na ushei asubuhi, lori la lami lilipofika kwenye kona, gurudumu lake la nyuma lilikanyaga ukingo uliomong'onyoka. Lori likayumba kama mlevi, likajaribu kujishika, kisha likalala ubavu kwa kishindo kilichotikisa madirisha ya zahanati.

Habari zilipofika kituo cha zimamoto, mwenye zamu alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na saba aliyekabidhiwa uongozi wiki tatu tu zilizopita. Jina alikuwa nalo, lakini kikosini walimwita Mpya, na hata yeye alikwisha kuzoea kuitika. Msaidizi wake aliitwa Radi, kwa sababu katika miaka yake ishirini ya kazi hakuna aliyewahi kumtangulia kufungua bomba la maji. Kila mtu alitarajia kwamba Radi ndiye angepewa uongozi ule. Radi mwenyewe alitarajia hivyo pia, na tangu siku ile salamu zake kwa Mpya zilikuwa fupi kama mkia wa mbuzi.

Walipofika, Mpya alishuka garini na macho yake yakakutana na jambo ambalo hakuwahi kuliona. Tangi la lori lilikuwa limelala, mfuniko wake umepasuka, na lami ya moto ilikuwa inatoka taratibu, nyeusi na nzito kama uji. Nyuma ya tangi palikuwa na jiko la gesi la kuifanya lami isigande. Jiko lile lilikuwa bado linawaka, na ndimi za moto zilikwisha kuudaka mchirizi ule wa lami. Hatua arobaini chini ya mteremko ulisimama ukuta wa zahanati, na ndani yake kulikuwa na wanawake watano, wawili kati yao wakiwa katika uchungu. Dereva alibanwa miguu ndani ya lori. Kutoka pale nje walimsikia akiita.

Mpya hakuwa mwoga. Alikuwa amezima nyumba, maghala na magari, na nyusi zake zilikwisha kuungua mara mbili. Lakini lami iliyoyeyuka hakuwahi kupambana nayo. Alikumbuka kwamba kulikuwa na ukurasa mmoja katika kitabu cha mafunzo kuhusu vitu vya namna hiyo. Aliukumbuka ukurasa, akakumbuka hata doa la chai lililokuwa pembeni mwake, ila maneno yenyewe yalimpotea kabisa.

Watu waliokusanyika walidai maji. Radi alikwisha kuvuta mpira wa maji na kuuelekeza kwenye moto, mguu mmoja mbele.

"Afande, amri," alisema.

Neno moja tu lingetosha. Mpya alihisi macho ya kikosi kizima yakimtazama, akajua kwamba kiongozi anayesitasita siku ya kwanza ya hatari hatasahauliwa kwa hilo. Akafumbua mdomo. Kisha akamwona mzee mmoja amesimama kando ya lundo la mchanga, nguo zake zimeganda lami, viatu vyake vimefungwa kwa waya. Alikuwa mfanyakazi wa barabara, yule ambaye wenzake walimwita mpishi wa lami, maana kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kuichemsha na kuikoroga. Alikuwa anatikisa kichwa polepole huku akiutazama mpira wa maji. Hakuna aliyekuwa akimjali.

"Subiri," Mpya alimwambia Radi. Akamwendea yule mzee. "Shikamoo, mzee. Mimi hii lami siijui. Nifanye nini?"

Aliyasema hayo kwa sauti ambayo wote waliisikia. Nyuma yake mtu mmoja alicheka kwa pua. Radi alinong'ona, lakini mnong'ono wa makusudi, kwamba hakujua kama wamekuja kuzima moto au kuanza darasa la kwanza. Masikio ya Mpya yalimwaka moto, lakini hakugeuka.

"Marahaba, mwanangu," mzee alijibu. "Umewahi kudondosha maji kwenye mafuta ya kukaangia? Basi hii ni babu yake. Ukimwaga maji mle ndani, lami itafura, itatoka yote kwa mkupuo, iturukie sote na ishuke mpaka kwa wazazi wale."

"Na dereva?"

Mzee aliligeukia lori. "Dereva ni shemeji yangu. Dada yake ndiye mke wangu. Ningekuwa najua maji yatamwokoa, ningekuwa nimeyabeba kwa mdomo."

Kabla Mpya hajasema lolote, fundi mmoja wa magari, mtu mwema aliyeshindwa kuvumilia kilio cha dereva, alipenya katikati ya watu akarusha ndoo ya maji kwenye mchirizi wa lami. Lami ilinguruma ikatema mate ya moto. Matone yaliruka kama bisi kwenye sufuria isiyofunikwa, na moja likatua juu ya mkono wa Radi, pale glavu ilipokomea. Radi aliangusha mpira wa maji. Ndoo moja tu ilikuwa imefanya hayo. Mpira wake yeye ungemwaga ndoo mia kwa kufumba na kufumbua.

Tangu hapo hakuna aliyecheka. Mzee alieleza na Mpya akageuza kila neno kuwa amri. Watu wasogezwe juu, upande upepo unakotoka, maana moshi ule haukufaa kuvutwa. Wauguzi wawahamishie wajawazito vyumba vya nyuma. Mzee alionyesha koki ya gesi ilipo, chini ya bamba upande usiokuwa na moto, na askari mmoja mwembamba akatambaa akaifunga. Jiko likafa. Wafanyakazi wa barabara walishika makoleo pamoja na askari, wakauhamisha mchanga mpaka ukawa tuta lililoizuia lami isishuke, wakauziba na mtaro wa kando ya barabara ili isiingie humo. Unga mkavu wa kuzimia moto ukapulizwa kutoka mitungini juu ya ndimi za moto, kutoka pembeni, taratibu. Maji hayakuachwa kabisa, ila yalitumwa mahali pake: yalinyunyizwa kama manyunyu kwenye ukuta wa zahanati, mbali na lami, ili ukuta usipate joto.

"Ikikosa moto chini yake, itaanza kuganda," mzee alisema. "Lami ikipoa hujifungia mlango yenyewe. Tuipe muda."

Muda ule ulikuwa mrefu kama siku ya njaa. Mpya aliingia mwenyewe kwenye lori na mashine ya kukatia vyuma. Dereva alimshika mkono akamwuliza kama atakufa. Mpya alimjibu kwamba shemeji yake yupo nje anamsubiri na haonekani kuwa mtu wa kusubiri bure. Walipomtoa, lami ilikuwa imemganda mguuni. Fundi wa magari, akitaka kufidia kosa lake, alinyoosha mkono aibandue. Mpya alimzuia. Hilo alilijua: lami ikibanduliwa hutoka na ngozi. Akaamuru mguu umwagiwe maji safi ya baridi bila kukoma mpaka gari la wagonjwa lifike.

Kisha alikwenda kwa Radi, aliyekuwa ameketi peke yake juu ya ngazi ya gari, akauweka mkono wake ulioungua chini ya bomba la maji.

"Nilikuwa nafungua," Radi alisema. "Ungechelewa kidogo kunizuia, ningekuwa nimefungua."

"Hata mimi nilikuwa natoa amri, kaka," Mpya alimjibu. "Nilikuwa nimeshafumbua mdomo."

Mchana ule, katika chumba cha nyuma cha zahanati, alizaliwa mtoto wa kike aliyelia kwa nguvu zake zote. Dereva alilazwa wiki sita, akatoka akichechemea, lakini kwa miguu yake miwili. Mwezi uliofuata Mpya alimwalika mpishi wa lami kituoni. Mzee alisimama mbele ya kikosi kizima kwa viatu vipya vilivyombana, akaeleza kuhusu lami, nta na kila kinachoyeyuka kabla ya kuwaka. Alipomaliza, aliuliza kama kuna mwenye swali. Radi, ambaye kovu la mkono wake lilikuwa bado jekundu, ndiye aliyenyoosha mkono wa kwanza, na hakuna aliyemcheka, kwa maana kila mtu mle ndani alikuwa ameona kwa macho yake kwamba kuuliza si ujinga.